Karatasi ya Kwenye Mita

Nyumbani,
Mtaa wa nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote, na kabla roho haijakuruka: Baba ni mzima. Anakula, anabishana, na jana alinituma betri za redio mara mbili kwa sababu zile za kwanza hakuzipenda. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua ukiona bahasha nene yenye mwandiko wangu mawazo yako yatakimbilia pabaya.

Wewe u hali gani? Mgongo umetulia, au bado unabeba mizigo ya watu na kujifanya una miaka ishirini? Wifi yangu mguu wake umepona? Mwambie gauni aliloniletea limenikaa vizuri, ila mikono inabana kidogo, na kosa si la gauni. Watoto nao wanaendeleaje na masomo? Yule mdogo bado anaogopa kunyolewa? Mwambie shangazi yake ana saluni na mkasi usiouma.

Huenda unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani ikilia siku hizi huwekwa katikati ya meza kwa sauti kubwa ili Baba asikie, na haya nitakayokuambia si ya katikati ya meza. Nakuomba uyasome mpaka mwisho kabla hujazungumza na Mama. Tafadhali, Kaka, mpaka mwisho.

Nianze na joto, maana ndilo lililotufikisha hapa. Ulipokuwa hapa mwaka juzi ulilalamika, nikakucheka. Safari hii hata mimi sicheki. Saa tatu asubuhi bati limeshaanza kulia juu ya vichwa vyetu, na adhuhuri huwezi kuweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha Baba. Mvua tuliyoitazamia haikuja, na ile ya kabla yake ilikuwa ya kulowesha vumbi tu. Wanasema bwawa la umeme limekauka mpaka mawe yanaonekana. Basi umeme wenyewe ukawa wa kukatikakatika, na bei yake ikapandishwa mara mbili kabla hatujamaliza kulalamikia ile ya kwanza. Yaani siku unapohitaji feni kuliko siku zote, ndiyo siku feni inakuwa anasa.

Saluni nimepunguza mengi. Ile mashine moja ya kukaushia nywele nimeifunika kitambaa, wateja nawaambia waje alfajiri waondoke kabla jua halijawa kali, wakauke wenyewe njiani. Mimi uliyekuwa ukinisema kwa kuacha taa zikiwaka, nimekuwa mkono wa birika hata sijitambui. Msaidizi wangu akisahau pasi ya nywele kwenye soketi namfokea mbele za watu.

Ubahili huo nikauleta nyumbani. Uniti za wiki zilikuwa zinaisha siku ya nne. Jioni moja mwezi wa kumi na moja nilichukua kalamu nene ya saluni, nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika juu ya mita pale barazani: KISICHO NA KAZI KIZIMWE. Kisha nikawaita wazee wawili, nikawasomea kama mwalimu wa zamu. Mama akatikisa kichwa kukubali. Baba akauliza kama na yeye atazimwa, maana hana kazi tangu afunge kibanda chake cha saa. Tulicheka sana siku hiyo.

Sasa nije kwenye sukari ya Baba. Unakumbuka alivyokuwa ameituliza. Mtu aliyeshika sindano za saa miaka arobaini hakosei kipimo cha insulini. Ishirini kila asubuhi, hapungui hazidi, kisha anaandika kwenye daftari lake kwa herufi ndogo ndogo. Dawa tunachukua zahanati chupa mbili kwa mpigo, kuokoa safari, na zinakaa kwenye friji, rafu ya juu karibu na barafu. Hapo hapakuwa na tatizo miaka yote.

Desemba ikaanza kupanda. Vile vikaratasi vya kupimia ni ghali, kwa hiyo tunapima mara moja kwa wiki, Ijumaa, na kila Ijumaa ilikuwa namba ya kutisha kuliko iliyopita. Akawa anakunywa maji bila kukoma, anakonda, macho yanaingia ndani. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akauliza maswali yote yanayoulizwa, likiwemo la dawa tunaiweka wapi. Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba iko kwenye friji. Akapandisha kipimo mpaka ishirini na nane. Wiki tatu baadaye, thelathini na sita.

Hapo mimi nikapata jibu langu. Unajua historia ya Baba na vitu vitamu. Hatujasahau zile peremende tulizozikuta kwenye kasha la miwani. Nikasema mzee amerudi kwenye wizi wake. Nikapekua mifuko ya koti, nikapekua droo za vyuma vyake, nikanusa kikombe chake. Sikupata kitu, na kutokupata kitu nikakuhesabu kuwa ushahidi wa ujanja wake. Nikachukua sukari yote ya nyumba nikaifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo nikautia uzi nikauvaa shingoni. Mama akitaka sukari ya chai yake ananingoja nirudi kazini. Naona aibu hata kukuandikia.

Nawe ukampigia Baba, unakumbuka. Sikulaumu, maana ni mimi niliyekujaza maneno. Ulimwambia kwamba wewe unavunjika mgongo huko kwa ajili ya dawa zake, naye anajiua kwa ulimi wake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikifurahi kwamba mwanamume amemwambia. Baba aliisikiliza simu mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, mwanangu," akarudi kwenye redio yake aliyokuwa akiitengeneza.

Sasa sikiliza Jumamosi ya wiki iliyopita.

Chupa zile mbili zilikuwa zimeisha. Asubuhi mapema nilipitia zahanati, nikachukua mpya kutoka kwenye friji lao, nikaileta nyumbani ikiwa bado inatoa jasho la baridi. Baba akavuta thelathini na sita zake, akajichoma, akala kipande kidogo cha mkate akasema joto limemkata hamu. Mimi nikaenda kazini.

Mnamo saa tano nilikuwa nikimsuka yule muuguzi wa zahanati, mpole mnene ambaye mtaa mzima unamwita Dada Mizani kwa sababu ndiye anayepima watoto wetu. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Mama akapiga simu. Kaka, unamjua Mama, hata nyumba ikiungua ataanza na salamu. Siku hiyo hakusalimia. Alisema, "Baba yako anaongea maneno ambayo siyajui."

Nilitoka na kitana mkononi. Dada Mizani akatoka nyuma yangu, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine zimesimama, mtaa mzima ukitutazama. Hakuniuliza nauli wala umbali. Tulikimbia.

Tulimkuta Baba ameketi sakafuni chini ya meza yake ya kazi. Umeme ulikuwa umekatika. Mama alikuwa amemmwagia beseni zima la maji na anampepea kwa jalada la boksi, kwa sababu alidhani ni joto, na nani asingedhani hivyo? Jasho lilikuwa linamtoka hata kwenye kope. Mikono ilitetemeka, ile mikono, Kaka, na alikuwa akiokota sakafuni vitu ambavyo havikuwepo. Nilimwita akanitazama kama mteja asiyemjua. Mimi nikapiga kelele kwamba sukari imempanda, tumwongezee sindano. Nilisema hivyo. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mlango wa friji.

Dada Mizani akanisukuma kando. Akachukua kile kimashine cha Baba, akamtoboa kidole. Mbili nukta moja. "Imeshuka," akasema. "Imeshuka vibaya. Leteni sukari, haraka!"

Mama akanitazama shingoni.

Sijui nikuelezeje. Nyumba ya watu watatu, sukari kilo nzima imo ndani, na imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ninao mimi. Lau ningekuwa mbali kidogo siku hiyo, lau ningezima simu kama nifanyavyo nikiwa na mteja, Mama angekaa na lile sanduku na mume wake anakufa pembeni yake. Nilijaribu kuufungua uzi ukanishinda, nikaukata kwa meno. Ufunguo ukaniponyoka ukaingia chini ya kabati. Ni Mama aliyelala kifudifudi kwenye maji akautoa.

Dada Mizani akachovya kidole kwenye sukari akawa anampaka ndani ya shavu, kwenye fizi, kidogo kidogo, huku amemlaza ubavu asipaliwe. Tulikaa hivyo. Mimi nilikuwa nimemshika mguu tu, sikuwa na kazi nyingine. Ikapita robo saa ambayo sitaki kuiishi tena. Kisha Baba akaanza kutafuna ulimi, akalamba midomo, akafumbua macho akatutazama mmoja mmoja.

"Ni nani kanipa sukari?" akauliza. "Msije mkasema ni mimi."

Mama alicheka na kulia kwa mkupuo mmoja. Mimi nililia tu.

Alipokaa sawa na kula, muuguzi akaanza kuuliza, polepole, kama anayefumua nywele zilizojikunja. Kipimo ni kile kile wiki zote hizi, na kila wiki sukari iko juu. Leo kipimo kile kile kinamwangusha. Kilichobadilika ni nini? Nikasema chupa tu, chupa ni mpya. Akainuka, akafungua friji, akagusa rafu, akatazama lile gurudumu la namba, likiwa limezungushwa mpaka mwisho. Akauliza kama friji hili huzimwa. Nikasema halijawahi kuzimwa.

Mama akachukua beseni akatoka nalo barazani kumwaga maji. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alisimama mlangoni, beseni tupu kifuani.

"Mimi hulizima," akasema. "Nikimaliza vyombo vya asubuhi. Naliwasha saa kumi, naliweka namba ya mwisho lipoe upesi kabla huyu hajarudi. Ni kichwa changu mwenyewe, mwanangu. Hakuna aliyenituma."

Dada Mizani hakumgombeza. Alieleza tu kwamba mchana dawa ilikuwa inapikika, na jioni, pale karibu na barafu, inaganda, na insulini ikipita humo mara nyingi inakufa ingawa kwa macho ni maji yale yale. Kwa hiyo Baba alikuwa akijichoma kitu kisicho na nguvu, na daktari akawa anamwongezea wingi wa kitu kisicho na nguvu. Siku chupa hai ilipoingia nyumbani, ikamkuta na kipimo cha dawa iliyokufa.

Akasema pia kwamba hatuko peke yetu. Tangu joto lianze, wagonjwa wake kumi na mmoja wa sukari, Baba akiwemo, wamepanda bila sababu, naye akadhani wamelegeza miiko. Alikwenda kuwauliza upya wiki hii. Saba huzima friji mchana kwa ajili ya bei. Wawili friji hawana tena, waliliuza. Na mwenye duka la vitambaa pale kona, yule aliyekuwa akikupa pipi ulipokuwa mdogo, hakupata mtu wa kumuuliza swali hilo. Tulimzika mwezi wa kwanza, tukasema ni joto. Sasa hata sijui tulisema kweli au uongo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile, muuguzi alipotoka tu, nilimgeukia Mama. Kaka, nilikuwa na hofu ya asubuhi nzima kifuani na nikamtupia yeye yote. Nilimwambia alitaka kumuua mume wake kwa ajili ya uniti. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Aliyejibu ni Baba, pale kitandani, sauti yake bado ya kukwama.

"Mwache. Mimi nilijua."

Bila shaka alijua. Anashinda nyumbani kutwa, na masikio yake yamezoea kusikiliza saa. Alisikia friji likinyamaza kila asubuhi na kuamka kila saa kumi. Hakujua kwamba linaharibu dawa, hakuna aliyejua, lakini alijua kwamba Mama analizima na anaficha. Tulipomwita mwizi wa sukari, mimi hapa na wewe kwenye simu, alidhani ni uzee tu unampandisha. Angejitetea, tungeanza kuchunguza kila kitu cha humu ndani, tungefika kwenye friji, ningemfokea Mama. Akaona afadhali nimfokee yeye. "Mimi nimezoea," alisema. Ndivyo alivyosema, Kaka, kwamba amezoea.

Tangu siku hiyo Mama halisogelei friji. Akitaka kitu humo ananituma. Chupa ya insulini akiiona mezani anahama kiti. Anakula vijiko viwili anasema ameshiba. Ukimpigia na kumuuliza habari ya friji, hata kwa upole wako wote, nahofia ataanguka yeye sasa. Ndiyo maana nimekuomba ungoje.

Juzi uniti ziliisha nikatoka barazani kuingiza namba mpya. Juu ya mita pako wazi. Pamebaki pembe nne za gundi na mstatili wa rangi safi, ukuta uliobaki ukiwa na vumbi. Nilisimama na simu mkononi mpaka taa yake ikazima. Ile karatasi nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilimfokea Mama, nikamlilia Baba, nikakesha na mawazo, na sikuikumbuka hata mara moja.

Friji lisilofunguliwa mchana kutwa lina kazi gani? Kwa Mama, halina. Alinitii tu.

Nikaingia chumbani kwake. Alikuwa akikunja nguo. Nikamuuliza karatasi iko wapi. Kwanza akasema upepo. Nikamwambia, Mama, upepo tungeupata wapi mwaka huu? Akainua mto akaitoa, imekunjwa mara nne. Aliibandua Jumamosi ile ile alipotoka kumwaga maji, muuguzi akiwa bado ameshika mlango wa friji. Mume wake ndiyo kwanza amerudi kutoka kaburini, naye akapata nafasi ya kufikiri kwamba nikiiona nitaumia. Akaibandua, akaificha, akaja kusimama mlangoni kusema ni kichwa chake.

Nilimpigia magoti. Alinishika kichwa akasema nywele zangu mwenyewe zinahitaji kusukwa, saluni gani hiyo. Jioni hiyo alikula.

Mambo ya dawa tumeyapanga upya. Kipimo kimerudi ishirini. Chupa tunachukua moja moja, za akiba zinabaki zahanati ambako friji lao linatumia jua. Hiyo moja inakaa ndani ya mtungi wa udongo uliozungushiwa gunia bichi, pembeni pa chumba pasipofika jua, kama Dada Mizani alivyotufundisha. Mama ndiye mlinzi wa gunia, analilowesha asubuhi, adhuhuri na jioni, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Sanduku la bati liko wazi. Nakuomba usitume friji jipya kama ulivyokuwa unasema. Ukipata uwezo tuma vikaratasi vya kupimia, tuweze kumpima Baba kila siku badala ya kungoja Ijumaa. Na huko kwenu pia, ukimjua mtu mwenye dawa ya kukaa baridi, muulize friji lake huzimwa saa ngapi. Muulize aliye nyumbani mchana, si yule anayerudi jioni.

Mpigie Baba simu. Muombe radhi kwa ile siku, mimi nimeshaomba yangu. Atakwambia amesahau, usimwamini, lakini atafurahi.

Na Mama akikwambia habari ya friji, maana ipo siku atakwambia, atasema ni kichwa chake mwenyewe. Ameshamwambia muuguzi hivyo, amemwambia Baba, amewaambia majirani, na hataki kubadili hata kwa kunihurumia. Nami sitaki ndugu yangu aishi akiamini hivyo. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Ikunjue uitazame. Unaujua mwandiko.

Nisalimie wifi, watoto wote, na yule mzee jirani yako anayekuuliza habari zetu. Baba na Mama wanakusalimu sana. Shangazi pia, naye anasema umemsahau. Mungu awape usiku wenye ubaridi na miili yenye afya, na akurudishe kwetu tukiwa sote tupo.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
niliyeiandika karatasi hiyo.